Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki na Mabadiliko ya Tabianchi

Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki ni maji yanayokwenda kaskazini mwaka mzima, kuanzia karibu na mpaka wa Msumbiji na Tanzania, kupitia Mafia, Unguja na Pemba, hadi Kenya. Hulishwa na Mkondo wa Ikweta Kusini, ambao huvuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, hupita ncha ya kaskazini ya Madagaska na kufika Afrika jirani na Cabo Delgado. Hapo maji hugawanyika: mengine huelekea Mlango wa Msumbiji, mengine hupanda kaskazini.

Upepo ndio unaoamua nguvu yake. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, mkondo huenda kasi, huvuka ikweta na kuungana na Mkondo wa Somalia. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, hupungua nguvu, kwa kuwa upepo unaukabili. Mkondo wa Somalia wenyewe hugeuka kabisa na kushuka kusini, jambo lisilo la kawaida kwa mkondo mkubwa kiasi hicho. Majahazi ya Omani na Ghuba yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi yalisaidiwa na maji pia, si tanga peke yake.

Wakati wa kaskazi mikondo hiyo miwili inapokutana mbele ya Kenya, kati ya latitudo 2 na 4 kusini, yote hupinda mashariki kuelekea bahari kuu. Katika eneo hilo maji baridi ya chini hupanda na kuleta virutubisho. Planktoni hustawi, na samaki huzifuata. Mbele ya Somalia maji hupanda zaidi wakati wa kusi, hata joto la juu ya bahari likashuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, ingawa ikweta haiko mbali.

Mpangilio huu sasa uko ndani ya bahari inayopata joto upesi. Utafiti ulioongozwa na Mathew Koll Roxy, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa eneo la tropiki la magharibi mwa Bahari ya Hindi liliongezeka joto la majira ya kiangazi cha kizio cha kaskazini kwa nyuzi 1.2 kati ya 1901 na 2012. Maji moto ni mepesi, kwa hiyo hukaa juu ya yale baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo hupata taabu kuyachanganya. Mkondo unaweza kuendelea kupita kama kawaida huku virutubisho vikibaki chini, pasipofikiwa na mwanga. Hatari hii ni rahisi kupuuzwa, maana macho ya wengi yako kwenye kasi ya mkondo. Utafiti mwingine wa kundi hilo, wa 2016, ulikadiria kuwa planktoni mimea katika eneo hilo ilipungua kwa hadi asilimia 20 katika miongo sita.

Upepo nao hauna uhakika wa kubaki ulivyo. Mifano ya kompyuta huonyesha mvua za monsuni zikiongezeka huku mzunguko wa hewa unaozileta ukilegea. Mahali mikondo inapokutana hutegemea mvutano wa kusi na kaskazi, kwa hiyo kaskazi ikidhoofika au ikichelewa, makutano yanaweza kuhama, na malisho ya samaki yakahama nayo.

Mfano wa mvurugiko huo ulionekana mwaka 1997 na 1998, wakati Dipoli ya Bahari ya Hindi, yaani tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki mwa bahari hiyo, na El Niño vilipotokea pamoja. Pepo za ikweta ziligeuka, maji moto yakalundikana magharibi na maji baridi yakazama zaidi. Matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania yalipauka na kufa. Meli za jodari zilizozoea kuvua karibu na Ushelisheli zilihamia mashariki mwa bahari. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yanasema dipoli kali za aina hiyo zinaweza kutokea takribani mara tatu zaidi karne hii, gesi joto zikiendelea kutolewa kwa wingi.

Meli kubwa huweza kuwafuata samaki. Wavuvi wa dagaa wa Unguja na Pemba, wanaotoka usiku wa giza na taa zao na kurudi alfajiri, hawana masafa hayo. Dagaa hula planktoni, na wakikosa malisho karibu na pwani, nyavu hurudi nyepesi. Mlango wa Pemba, wenye kina cha mamia ya mita, bado hupata maji ya baridi kutoka chini, na watafiti huyahesabu matumbawe yake miongoni mwa yenye nafasi nzuri ya kustahimili joto. Nafasi hiyo itadumu mradi mkondo uendelee kuyafikisha maji hayo.