Mizani Kabla ya Gridi: Upana wa Safu katika Majarida ya Kiswahili

Makala haya yanadai kuwa upana wa safu katika jarida la Kiswahili hauna budi kupimwa kwanza kwa mizani, yaani idadi ya silabi, ndipo karatasi igawanywe. Desturi iliyoenea ni kinyume chake: gridi ya safu tatu huandaliwa kwenye kompyuta, kisha lugha ikabanwa humo.

Pwani ya Tanga, yenye magazeti na ushairi wa tangu zamani, inafaa kwa mjadala huu. Shule ya Serikali ya Tanga ilitoa gazeti la Kiongozi zama za Wajerumani. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alisomwa katika Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923. Kabla yao, Hemedi bin Abdallah al-Buhry alitunga utenzi wa vita vya Wadachi Mrima. Katika miswada mingi ya tenzi kwa hati za Kiarabu, vipande vinne vya ubeti hukaa mstari mmoja vikitengwa kwa alama, na kina cha bahari, kile cha mwisho wa ubeti, hushuka wima ubeti hadi ubeti. Basi kabla Josef Müller-Brockmann na wasanifu wenzake wa Uswisi hawajaieneza gridi, wanakili wa pwani walikwisha kuupanga ukurasa kwa kipimo cha lugha.

Tupige hesabu. Kipande kama "Tanga mji wa bandari" kina mizani 8 na, pamoja na nafasi, alama 20. Mshororo wa shairi wenye vipande viwili, ukwapi na utao, huhitaji alama 40 hadi 45. Karatasi ya A4 yenye pambizo za milimita 20 kila upande hubakiza milimita 170. Tukiacha milimita 6 kati ya safu, safu tatu hupata takriban milimita 53 kila moja. Kwa herufi za pointi 10, hapo hukaa alama 30 hivi. Utao hudondokea mstari wa pili, na kina cha kati hupotea machoni. Safu mbili za milimita 82 huubeba mshororo mzima.

Yupo atakayesema kuwa mashairi hupewa ukurasa mmoja tu. Lakini nathari nayo huumia. Neno "wasingalitufahamisha" lina herufi 20, theluthi mbili za safu nyembamba; kingo zote mbili zikinyooshwa, mstari unaolitangulia hubaki na mapengo. Kulikata kungekuwa rahisi, kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, ila programu inayofuata kanuni za Kiingereza huweza kuitenganisha hata "ng". Robert Bringhurst, mwandishi wa taaluma ya upangaji wa herufi, naye hupendekeza alama 40 hadi 50 kwa kurasa zenye safu kadhaa. Nathari na ushairi vinakutana hapo.

Safu nyembamba ibaki kwa ratiba na matangazo madogo. Hofu ya gharama ya karatasi haina msingi, maana safu mbili zina pengo moja, si mawili. Mhariri ampe msanifu mshororo mrefu kuliko yote ya toleo kabla gridi haijachorwa. Ukienea huo, nathari nayo itaenea.