Maji Kwenye Ncha ya Kisu: Somo la Mwaka 1883

Ndugu fundi, kabla hujanunua kisu kingine cha mashine ya kukereza, angalia kwanza maji yako ya kupozea.

Mwaka 1883, katika kiwanda cha Midvale Steel mjini Philadelphia, Marekani, Frederick Taylor alielekeza mkondo mkubwa wa maji pale pale kisu kinapochana chuma. Kasi ya kukata ikaongezeka kwa asilimia 30 hadi 40.

Ila maji matupu huleta kutu. Midvale wakatia magadi kwa wingi. Mwaka 1884 wakajenga karakana ambayo kila mashine ilikaa ndani ya sinia la chuma. Maji yalikusanywa humo, yakashuka kisimani, kisha pampu ikayapandisha tena.

Siku hizi kazi ya magadi hufanywa na mafuta yanayochanganyika na maji, yale meupe kama maziwa. Kwa hiyo zingatia haya:

1. Mimina mafuta kwenye maji, usifanye kinyume. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kopo.
2. Matone ya brashi si mkondo. Kisu cha kabaidi kikipozwa kwa vipindi hupasuka. Maji yasikatike, au kata kikavu kabisa.
3. Chuma cha kumimina kwa kawaida hukatwa kikavu, kwani unga wake hugeuza maji kuwa tope.
4. Maji yakinuka, safisha tangi, weka mapya. Maji machafu huwasha ngozi. Usiyamwage mtaroni.

Taylor hakubadilisha mashine. Alibadilisha wingi wa maji na mahali yanapoangukia. Nawe anzia hapo.