Muziki wa Usiku na Foto Zake

Mtu wa Vitshumbi hahitaji kuelezwa usiku wetu. Jua likishazama nyuma ya milima ya Mitumba, ziwa Edouard linakuwa jeusi, viboko wanapanda kutoka majini kutafuta majani kati ya nyumba, na kule kwenye baa gitaa linaanza kulia. Arusi, sikukuu, kumaliza matanga: muziki wake mara nyingi hupigwa saa hiyo, kwa taa ya petroli ao kwa ampuli mbili tatu zinazowashwa na grupu. Lakini uliza familia yoyote ikuonyeshe foto ya usiku ule. Utaletewa foto za mchana: bibi arusi mbele ya kanisa, watoto wa komunyo, mvuvi na samaki wake. Muziki wenyewe haumo. Kwa sababu gani?

Mwaka 2004 tulikuwa mwalimu kijana, tumetoka masomoni karibuni. Tuliazima aparei ya rafiki ili tupige foto za orkestre kwenye arusi moja. Filimu ilikuwa ya ISO 100, ile ya jua, na flashi haikuwepo. Tulipiga foto zote 36 kwa furaha, tukatuma filimu Goma isafishwe. Foto zilirudi nyeusi tupu, isipokuwa alama moja ndogo nyeupe: ampuli juu ya kichwa cha mwimbaji. Mzee wa arusi alituangalia, hakusema kitu. Njo siku ile tulianza kuuliza namna wengine walivyofanya.

Kazi yenyewe inaeleweka, hata mwanafunzi anaweza kuifuata. Foto ni mwanga uliokusanywa. Mwanga ukiwa kidogo, kuna njia tatu za kuukusanya. Ya kwanza ni kufungua sana jicho la aparei. Lakini hapo sehemu inayoonekana wazi inakuwa nyembamba, gitaa linaonekana vizuri na uso unafifia. Ya pili ni kuacha filimu ione mwanga kwa muda mrefu, tuseme sehemu moja ya 15 ya sekunde. Lakini mkono ukitetemeka, ao mchezaji akigeuka, anakuwa moshi. Ya tatu ni kuchukua filimu inayokamata mwanga haraka, kama ile ya ISO 400, na hata kuiacha muda zaidi ndani ya dawa wakati wa kuisafisha. Lakini foto inatoka na chembechembe kama mchanga. Kila njia ina bei yake.

Inabaki flashi. Hiyo inaleta mwanga wake yenyewe, lakini haiendi mbali. Mwanga ukifika mita nne, unabaki na robo tu ya nguvu uliyokuwa nayo kwa mita mbili. Kwa hiyo mwimbaji wa mbele anang'aa kama mchana, na watu wanaocheza nyuma yake wanamezwa na giza. Tena inasumbua. Mpiga gitaa mmoja wa kwetu alituambia siku moja: «Mwalimu, acha kwanza ile flashi yako, iko inatuua macho!» Alikuwa na haki.

Katika inchi yetu, aliyeacha kumbukumbu kubwa ya usiku wa muziki ni Jean Depara. Alizaliwa mwaka 1928 Kibokolo, Angola. Mwaka 1950 alinunua aparei ndogo ya Adox kwa ajili ya arusi yake mwenyewe, halafu akahamia Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Hakuanza kama fundi wa foto: alitengeneza baiskeli na aparei, aliuza vyuma vikuukuu. Mwaka 1954 Franco alimwomba awe mpiga foto wake. Franco mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 16 tu, O.K. Jazz haikuwa bado, ilizaliwa mwaka 1956. Hivyo vijana wawili walikutana, mmoja na gitaa, mwingine na aparei, kabla inchi nzima haijawajua.

Mchana Depara alipiga foto katika studio yake. Usiku aliingia baa, kama ile ya Afro Mogenbo, na Adox yake na flashi. Kumbe hakuangalia wanamuziki peke yao. Alipiga wanaocheza, wanawake waliovaa vizuri, vijana walioitwa Bills, waliojifanya kama wachunga ng'ombe wa sinema za Marekani. Njo hapa tunaona akili yake. Flashi ikifika karibu tu, basi yeye alikwenda karibu. Kwa kuwa hakuweza kuangaza ukumbi mzima, alichagua meza moja, watu wawili, chupa, mkono juu ya bega. Ukiangalia foto hizo leo husikii gitaa, lakini unaona muziki ulifanya nini ndani ya watu.

Kuanzia 1975 mpaka 1989 alifanya kazi ya foto kwenye bunge. Alikufa mwaka 1997. Mwaka 2015 kazi yake ilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, kwenye Fondation Cartier. Mwenyewe hakuyaona. Tunashukuru kwamba filimu zake zilipatikana. Zingeoza ao kuchomwa, nani angejua leo namna watu wa Léopoldville walivyocheza usiku ule?

Na sisi je? Goma, tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji. Huku Rutshuru vita vilipita mwaka 1996, 2008, 2012, na vikarudi tangu 2021. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, godoro na sufuria. Foto zinabaki ukutani. Leo vijana wana simu na aparei za kidijitali zinazofika ISO 3200 na zaidi, na kwa Tamasha la Amani, lililoanza Goma mwaka 2014, walionyesha kwamba wanaweza kazi ya jukwaani. Giza halitushindi tena kama zamani. Lakini simu inaanguka majini, inaibiwa, na foto mia tano zinakwenda nayo.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, anayepiga foto za ngoma usiku azime flashi akiweza, aegemee ukuta ao nguzo, angojee mwimbaji anapovuta pumzi na mwili kutulia. Pili, kama hana njia isipokuwa flashi, asogee karibu kama Depara, na aombe ruhusa. Tatu, foto moja nzuri itolewe kwenye karatasi, na nyuma yake yaandikwe majina, mahali na mwaka, nakala ipelekwe kwa ndugu aliye mbali.

Ile arusi ya 2004 hatuna foto yake hata moja. Mwimbaji alikwisha kufa. Wajukuu wake wanatuuliza alisimama namna gani akiimba, na sisi tunasimama mbele yao, tunainua mkono kama yeye, tunajaribu kuwaonyesha.