Mlango Uliohama: Watoto Wetu na Picha za Watu Wazima

Ukisimama katika kituo cha matatu mjini Thika jioni, utawaona watoto wa shule wakipanda magari yaendayo Ruiru. Katika baadhi ya magari hayo mna televisheni ndogo, na humo hucheza watu walio nusu uchi. Mtoto haulizwi umri wake. Tulifikaje hapa?

Hapo zamani, kati ya Wagikuyu wa nchi hii, mambo ya watu wazima yalikuwa na wakati wake na walimu wake. Jomo Kenyatta, mzaliwa wa Gatundu isiyo mbali na Thika, alieleza katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938 jinsi mtoto alivyofunzwa kadiri ya umri na rika lake. Sisemi kwamba kila desturi ilikuwa njema: ukeketaji uliwaumiza wasichana, na sheria ya 2011 imeukataza. Lakini palikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na mzee.

Kisha ikaja sinema. Wakaguzi wa serikali ya kikoloni walihofia hasa picha ambazo zingewafanya Waafrika wawadharau watawala. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ilipitishwa mwaka 1962, ikaanza kazi Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru. Kwa sheria hiyo, filamu sharti ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani, na zile zisizofaa watoto hutengwa. Ulinzi huo ulieleweka kwa urahisi, kwa maana jumba la sinema lilikuwa na mlango, na mlangoni alikaa mtu.

Lakini mwaka ule ule wa 1962 televisheni ilianza nchini, nayo ikaingia sebuleni. Mwaka 1990 kituo cha KTN kilifunguliwa, na serikali haikuwa tena peke yake. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa, na baadaye picha za ulimwengu zikaingia katika simu. Mlango ukahama kutoka jumbani hadi kiganjani.

Sheria imekuwa ikiufuata nyuma. Kanuni za utangazaji zataka vipindi vya saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku vifae jamaa nzima. Sheria ya mwaka 2018 yaadhibu atengenezaye au asambazaye picha chafu za watoto, na Sheria ya Watoto ya 2022 yawalinda hata mtandaoni. Walakini simu haijui saa nne.

Ubaya wa picha hizi si kuonyesha mwili, kwani mwili si aibu. Ubaya ni kumfundisha msichana wa miaka kumi ajipime kwa macho ya watu wazima, na mvulana adhani mwenzake ni kitu cha kutazamwa, huku mfanyabiashara akihesabu faida.

Basi, ewe msomaji, wadogo zako hutazama kile utazamacho wewe. Na mtu mzima akikuomba picha ya mwili wako, kosa ni lake, si lako. Mwambie mzazi au mwalimu, au piga 116 bila malipo. Mlango sasa umo nyumbani mwako, nawe u mmoja wa walinzi wake.