Kericho Si Majani Tu: Historia Yetu Iko Pia Kwa Hedi ya Injini

Wasee, tuseme ukweli. Ukiuliza mtu wa Nairobi Kericho ni nini, atakuambia ni chai. Mwalimu wa historia naye atakuambia chai, ila ataongeza miaka. Hakuna anayekuambia kwamba hayo majani hayajawahi kujipeleka sokoni. Kuna injini iliyoyabeba, na kuna mtu aliyelala chini ya hiyo injini mgongo ukiwa kwa matope. Huyo mtu hayuko kwa kitabu chochote nilichosomeshwa, na mimi nilifika hadi chuo kikuu kabla niachane nacho.

Kwa hivyo leo nataka tusome historia ya Kericho na Bomet kupitia kitu kimoja: hedi ya silinda. Ni kile kifuniko kizito kinachokaa juu ya injini, penye valvu na plagi. Kikipinda, gari limekwisha hadi mtu akinyooshe.

Tuanze miaka ya 1920. Brooke Bond na James Finlay wanaingia, ardhi ya Wakipsigis inageuzwa mashamba makubwa ya chai. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni inawahamisha ukoo wa Talai na kuwatupa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Hiyo sehemu tunaijua, na bado inauma. Lakini viwanda vya chai vilihitaji injini, na chai ilihitaji kufika stesheni ya reli kule Lumbwa, ambako siku hizi tunaita Kipkelion. Nani alitengeneza hizo mashine zikiharibika?

Wengi walikuwa Wasikh. Mjini Kericho kulikuwa na warsha iliyoitwa Kericho Wagon Works. Mmoja wa waliofanya kazi hapo ni Puran Singh, ambaye baadaye alihamia Uingereza akawa kiongozi mkubwa wa dini. Lile hekalu kubwa la Wasikh unaloliona mjini linamkumbuka yeye. Kwenye warsha kama hizo, kijana Mwafrika alikuwa wa kushika spana, kuosha vyuma kwa mafuta taa, na kunyamaza. Hakupewa cheti. Lakini macho hayakufungwa, na aliiba ujuzi kwa kuangalia. Msomi Kenneth King aliandika kitabu mwaka wa 1977 kuhusu mafundi Waafrika wa Kenya, na moja ya mambo aliyoyafuata ni hilo: jinsi ufundi ulivyotoka mikononi mwa Wahindi ukaingia mikononi mwa wasaidizi wao.

Halafu uhuru. Mwaka wa 1964 inaundwa KTDA, na mkulima mdogo wa Litein ama Sotik anaanza kuuza majani yake mwenyewe. Pesa kidogo ikaingia, magari yakaingia. Na gari lililotawala lilikuwa Peugeot. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari mwaka wa 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Kama unauza gari Kenya, hakuna tangazo linalopita hilo. Mwaka wa 1973 Kenyatta akaruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi, na biashara ikafunguka kabisa.

Sasa sikiza hii, ni muhimu. Injini ya 404 ilikuwa na hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma. Alumini ikipata moto inatanuka karibu mara mbili kuliko chuma. Injini ikichemka, hedi inataka kwenda, bloku inakataa, na gasketi katikati ndiyo inayoumia. Mlima wetu nao unaongeza shida. Kericho iko kama mita 2,000 juu ya bahari, na huku maji huchemka karibu digrii 93, si 100. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta si mapambo. Kinashikilia presha ili maji yasichemke mapema. Kifuniko kikichoka, dereva anajaza maji ya mto, anapanda mlima na abiria kupita kiasi, na akifika juu hedi imepinda.

Ndio maana nasema hedi ilisomesha watu huku kuliko shule nyingi. Kila gari lililochemka lilikuwa darasa. Na 404 ilisameheka: laina za silinda zilikuwa zinatoka, unaweka zingine, injini inaanza maisha upya chini ya mti. Shirika la Kazi Duniani lilikuja Kenya, na ripoti yake ya 1972 ikauambia ulimwengu kwamba hawa watu wa juani wanafanya kazi ya maana. Serikali yetu iliwaandikia sera kamili ya jua kali mwaka wa 1992. Miaka ishirini, wasee.

Wakati huo huo, magari ya mtumba kutoka Japani yakaanza kumiminika. Leo barabara ya Kericho kwenda Bomet ni Probox tupu. Injini nyingi za Probox ni ile ya 1NZ, ya lita 1.5, valvu 16. Ni injini poa sana, lakini bloku yenyewe ni alumini na laina zake nyembamba hazikukusudiwa kuchongwa upya. Bloku ikifa, unanunua injini nyingine kutoka Japani. Kwa maneno mengine, kiwanda kimekuondolea nusu ya kazi ambayo mzee wa 404 aliweza kufanya. Kilichobaki mikononi mwako ni hedi.

Na hedi bado inawezekana, hata nyumbani. Mimi hufanya hivyo nyuma ya nyumba, kwa meza ya mbao. Unafungua bolti kidogo kidogo kutoka nje kuingia ndani. Valvu unazipanga kwa trei ya mayai, kwa sababu kila moja lazima irudi kwa kiti chake. Unalaza rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi na kupima mwanya kwa vibati vyembamba. Kwa 1NZ, ukizidi milimita 0.05 peleka kwa mtu wa mashine aisawazishe. Unywele wako unaweza kuwa mnene kuliko hiyo. Valvu unazisaga kwa dawa yake na kijiti, ukizungusha kwa viganja viwili kama mtu anayewasha moto wa kupekecha. Kisha unamwaga petroli kidogo kwa tundu na kungoja. Ikivuja, endelea kusaga. Mwisho ni sili mpya, gasketi mpya, na kukaza kuanzia katikati kwenda nje kwa spana ya kipimo. Nguvu za mkono wako si kipimo.

Kwa nini nakuambia haya yote? Kwa sababu Mei 2023 vijana walichoma mashine za kuchuma chai hapa Kericho. Mjumbe mmoja wa jopo la kaunti alisema kazi kama 30,000 zilipotea kaunti ya Kericho pekee kwa miaka kumi kwa sababu ya mashine. Naelewa hasira hiyo. Mama akichuma kwa mikono miaka ishirini, halafu injini ndogo inachukua nafasi yake, huwezi kumwambia atulie. Lakini historia yetu yenyewe inaonyesha kitu: injini ilipokuja mara ya kwanza, ilikuja kwa ajili ya mwenye shamba. Ikawa yetu pale tu mtu wetu alipojua kuifungua. Leo swali langu kwa kampuni na kwa kaunti si kama mashine ziko ama haziko. Ni nani anafundishwa kuzitengeneza, na je, mtoto wa mchuma chai yumo kwa hiyo orodha?

Na nyinyi mlio na wazee wa gereji mtaani, nawaomba kitu. Washa simu, umrekodi. Muulize alijifunza kwa nani, alilipwaje, na hedi ya kwanza aliyosawazisha ilikuwa ya gari gani. Hao wazee wanapungua kila mwaka, na hakuna mtu mwingine anayewaandika. Nitumie video, tuziweke pamoja.