M-Pesa kabla ya API

Desemba 2024 nilikuwa nyumbani Kishushe kwa likizo, nikakuta kikao cha chama kimewaka moto. Mhazini ni shangazi yangu. Mama mmoja alisema alimtumia mchango wa shilingi 1,500, daftari halina, na simu ya shangazi ilishaingia maji ikafa na meseji zake zote. Tayari kulikuwa na watu waliokuwa wakinong'ona neno "mwizi".

Yule mama alikuwa amefuta meseji yake, lakini aliandika ule msimbo wa M-Pesa nyuma ya kadi ya kliniki. Ulianza na SGR. Nikawaambia pesa zilitumwa tarehe 27 Julai. Wakaniangalia kama mganga! Siri ni ndogo tu: herufi ya kwanza ni mwaka (S ni 2024, T ni 2025), ya pili ni mwezi, ya tatu ni siku, na baada ya 9 siku huendelea na A. Nililijua hilo kwa kulinganisha meseji zangu mwenyewe. Shangazi akakumbuka, Jumamosi ile alikuwa mazishini, hakuandika kitu. Tukaagiza taarifa ya akaunti, ikaja PDF yenye nywila, na mstari ulikuwemo.

Hapo ndipo nikaanza kufikiria jinsi sisi Wakenya tulivyozoea kuchukua rekodi zetu wenyewe kwa mlango wa nyuma.

M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na kwa miaka minane haikuwa na API iliyo wazi kwa watengenezaji programu. Wenye Paybill walikuwa na tovuti ya kuangalia malipo, iliyodai Internet Explorer na cheti cha usalama kwenye kompyuta. Waliotaka duka lao la mtandaoni lijue nani amelipa waliandika programu za kujifanya mtu: inaingia, inasoma ukurasa, inakwangua majedwali. Ukurasa ukibadilishwa kidogo, kazi inaanza upya. PesaPi, programu huria, ilifanya kazi hiyo, na kwa akaunti za watu binafsi ilitumia simu ya Android kusoma SMS.

Hiyo njia ya SMS ndiyo ninayoipenda zaidi. Mwaka 2011 Huawei IDEOS iliuzwa Kenya kwa takriban shilingi 8,000, na ghafla mtu wa kawaida alikuwa na simu ya kuandikia programu. Ndani yake kulikuwa na anwani, content://sms/inbox, ambayo Google haikuwa imeiandika kwenye mwongozo wowote hadi Android 4.4 mwaka 2013. Kila mtu aliitumia tu. Unatafuta meseji za M-Pesa, unakata msimbo, kiasi, jina na salio. (Kisha anakuja mteja aliyechagua Kiswahili, "Confirmed" inakuwa "Imethibitishwa", na programu yako inalala chali.)

Wakopeshaji nao waliuona mlango huo. Tala, iliyoanza hapa mwaka 2014 kwa jina la Mkopo Rahisi, na Branch iliyofuata, walisoma SMS za M-Pesa kwa ruhusa ya mwenye simu ili kuamua mkopo. Kwa hiyo rekodi ambayo mwenyewe huioni ila meseji moja moja, mkopeshaji aliiona yote kwa sekunde.

Aprili 2015 seva zilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya, Septemba mwaka huo Safaricom ikafungua API rasmi, na Daraja ikafuata 2017. Vizuri sana, lakini hizo ni za biashara. Shangazi si biashara. Oktoba 2018 Google ikatangaza kuzibana programu za Play Store zinazosoma SMS, isipokuwa aina chache. Sababu ilikuwa njema, ila mlango wa nyuma ukawa mwembamba.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 38, inampa mtu haki ya kupata data zake katika muundo ambao mashine inaweza kusoma, ndani ya siku 30. PDF yenye nywila ni muundo wa kuchapisha. Kuibadilisha iwe jedwali kulinichukua jioni nzima, na bado majina marefu yalivunjika mistari miwili.

Shangazi sasa ana Android. Nimemwekea kiprogramu kinachonakili kila meseji ya M-Pesa kwenye faili, hapo hapo kwenye simu, na nakala ya pili inakaa kwa katibu. Hakipo Play Store. Nilikiingiza kwa kebo.