Bei ya Kivuli Katika Nchi ya Omani

Mwaka 1442 Abd al-Razzaq wa Samarkand, mjumbe wa mfalme Shah Rukh aliyekuwa safarini kwenda Bara Hindi, alifika Maskati katika kipindi cha joto. Aliyoyaandika baadaye yanashabihi mashairi kuliko taarifa ya mjumbe: ati uboho ulichemka ndani ya mifupa, na upanga ukayeyuka alani mwake kama nta. Ni rahisi kumcheka. Walakini tarehe 26 Juni 2018, huko Qurayyat, mji wa mwambao uo huo, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku kucha wala mchana kutwa, na wataalamu wa hali ya hewa wakasema kwamba haijapata kurekodiwa duniani siku ambayo saa yake ya nafuu ilikuwa na moto kiasi hicho. Mjumbe yule, basi, hakuongeza chumvi nyingi.

Nchi hiyo sisi watu wa visiwani hatuitazami kwa mbali. Huko ndiko alikotoka Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja, na huko ndiko walikokwenda jamaa zetu wengi baada ya 1970, hata Kiswahili kikawa lugha ya kusikika madukani na vibarazani Maskati. Mtu aliyelelewa Mji Mkongwe, akazoea kivuli cha vichochoro na upepo wa kusi, hushangazwa na mambo mawili akifika. La kwanza, bahari ipo lakini haimponyi, kwa kuwa majabali yaliyouzunguka mji hunywa jua mchana na kulitapika usiku. La pili ni bili ya umeme. Juu ya hilo la pili watu husema mengi, kana kwamba ubaridi umeanza kulipiwa juzi. Ukweli ni kwamba katika nchi ile ubaridi haukupata kuwa wa bure hata siku moja. Kilichobadilika ni namna ya kuulipia, na nani anayelipa.

Tuanze na falaji. Huu ni mfereji unaochukua maji chini ya mlima, mara nyingine kwa njia iliyochimbwa chini ya ardhi maili kadhaa, na kuyafikisha mashambani kwa mteremko tu, bila ya pampu. Masimulizi ya Waomani yanasema Nabii Sulaiman alikaa kwao siku kumi, akawaamuru majini wachimbe mifereji elfu kumi. Iliyobaki na kutumika katika zama zetu hukadiriwa kuwa kiasi cha elfu tatu, na mitano miongoni mwake, ukiwemo Falaj Daris wa Nizwa, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yake hayakugawanywa kwa ndoo bali kwa wakati. Fungu moja, liitwalo athari, ni kiasi cha nusu saa ya mkondo. Mchana saa ilipimwa kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Mafungu yaliweza kurithiwa, kuuzwa, kukodishwa na kuwekwa wakfu kwa ajili ya msikiti au chuo, na mengine yalipigwa mnada ili zipatikane fedha za kuzibua na kutengeneza mfereji. Mwanachuoni J. C. Wilkinson, aliyeandika juu ya maji na makazi ya nchi hiyo mwaka 1977, alionyesha jinsi mji mzima ulivyojengeka juu ya utaratibu huo.

Maji hayo ndiyo yaliyolisha kivuli. Shamba la mitende lilipandwa kwa ghorofa: juu mitende, chini yake ndimu, makomamanga na migomba, na chini kabisa majani ya mifugo. Majani ya mti hutoa maji kama mwili utoavyo jasho, na hewa ya chini yake hupoa. Ndiyo maana, kabla ya umeme, wenye uwezo wa Maskati na Matrah waliuhama mji ufikapo msimu wa kaidhi, yaani kilele cha joto na mavuno ya tende, wakaenda kukaa mashambani Batina katika vibanda vya makuti ya mtende, ambavyo upepo hupenya ubavu hadi ubavu. Asiye na uwezo alilala juu ya paa.

Na mtende wenyewe haukuachiwa Mungu tu. Kuna dume na jike, na kila mwaka mtu hupanda, tena kwa kamba, kutia vishada vya maua ya dume ndani ya maua ya jike. Makuti makavu hukatwa, machipukizi ya shinani hutengwa na kupandikizwa. Kazi hii ilikuwa na wenyewe, na ujira wao mara nyingi ulikuwa tende.

Baada ya 1970 mambo yalikwenda mbio. Barabara, skuli, hospitali na umeme vilienea, na mwaka 1976 kiwanda cha Ghubra kikaanza kuyageuza maji ya bahari kuwa matamu. Sitaki kuungana na wale wanaosifu vibanda vya makuti ilhali wao wenyewe wamekaa chini ya kiyoyozi. Kiyoyozi kimewaokoa wazee na watoto wachanga, na hakuna aliyelazimishwa kukinunua. Lakini nyumba mpya ilijengwa kwa matofali ya saruji, peke yake katikati ya uwanja, jua likiipiga pande zote, kwa kuwa umeme ulikuwa rahisi. Kwa miaka mingi uniti 3,000 za mwanzo za kila mwezi zililipiwa baisa 10 tu kila moja, na serikali ikibeba kilichobaki. Kwa bei hiyo nani ahangaike na mti? Januari 2021 ruzuku ilianza kuondolewa hatua kwa hatua. Manung'uniko yalikuwa makubwa, hata bei za miezi ya joto zikapunguzwa mwaka uo huo.

Hapo ndipo mti uliporudi katika mazungumzo, safari hii kama hesabu ya fedha. Hesabu yenyewe ina mitego. Vitabu vya nchi za kaskazini hushauri kupanda upande wa kusini wa nyumba. Maskati iko karibu na mstari wa Tropiki ya Kansa. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa utosini na ukuta wa kusini haupati adha kubwa. Unaochomwa ni paa, na ukuta wa magharibi alasiri, saa ambayo kiyoyozi tayari kimechoka. Pia si kila mti unafaa. Damasi, mti wenye asili ya Somalia na jirani zake, ulipandwa kwa wingi katika Ghuba kwa kuwa hukua upesi, kisha mizizi yake ikaingia katika mabomba ya watu. Mkunazi na ghafu hukua taratibu, lakini mizizi yake ikishazama huvumilia kiu. Na mtende uliokatwa ovyo huita balaa: fukusi mwekundu, aliyeingia Omani miaka ya 1990, hufuata harufu ya jeraha bichi na kutaga humo, na shina huliwa ndani huku nje likionekana zima. Wenye minazi Unguja na Pemba, wanaomjua chonga, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Tena mti unataka maji, na maji ya mjini sasa hutoka baharini kwa nguvu za nishati ile ile inayoendesha kiyoyozi. Anayemwagilia bustani ya majani mafupi adhuhuri analipa mara mbili. Mkunazi mmoja, ukimwagiliwa jioni mpaka ushike, ni gharama nyingine kabisa.

Linabaki jambo ambalo mita haliwezi kulipima. Mti utakaokinga ukuta wangu wa magharibi huenda ukawa katika uwanja wa jirani yangu, na wa kwake ukawa ukingoni mwa barabara ya manispaa. Falaji ilikuwa na wakala wake, daftari lake na mnada wake, na kila mmoja alijua nusu saa yake. Katika mitaa mipya ya Maskati kila nyumba ina mita yake na ukuta wake, na mti ulio baina ya kuta mbili bado haujaandikiwa wa kuunywesha.